Hedwiga na Mwavuli Uliowafikisha Wageni Mlangoni

Hedwiga alizaliwa Mahenge mwaka 1958, katika ukoo uliotajwa kwa heshima misheni nzima. Babu yake, Mzee Octavian, alikuwa katekista kwa miaka thelathini, wala hakuchelewa somo hata siku moja. Baba yake, Mwalimu Nicodemus, alihamia Morogoro kufundisha, na mezani kwake walikula vijana wa Afrika Kusini waliokimbia ubaguzi wa rangi kwao bila ndugu. Hedwiga alijua kutaja majina ya wazee wake hadi kizazi cha nne kabla hajajua kuandika. Mmoja wa vijana hao, Vusumuzi, alifunga naye ndoa takatifu, na mwaka 1992 akarudi naye kwao, Johannesburg.

Alipofiwa na mumewe, paroko alimkabidhi dawati la wageni la parokia, katika mtaa wa Braamfontein, awaunganishe waliofika karibuni na kliniki, shule na ofisi za ustawi wa jamii. Wengine waliandika anwani kwenye kikaratasi. Yeye alifunga kilemba, akachukua mwavuli, akaenda na mgeni hadi mlangoni, wala hakuondoka mpaka amesikia mgeni akiitwa ndani kwa jina lake. "Eish, Mama Hedwiga," alimtania Lerato, msaidizi wake, "mtumie tu ramani kwa simu, uyahurumie hayo magoti!" Akajibu, "Ramani itamngoja nje wakimfukuza?"

Mwaka 2022 ziliwasili familia za Waafghani. Miongoni mwao walikuwa Luqman, mkewe Gulalai na binti yao Parwana, mwenye miaka kumi na mitatu, ambaye kwao alikatazwa sekondari. Hapo Hedwiga alijaribiwa, na jaribu lilitoka katika fahari yake mwenyewe. Akijaza fomu ya shule, aliuliza jina la ukoo. Luqman akasema, "Mama, yeye ni Parwana tu. Sisi moja linatutosha." Binti wa Nicodemus wa Octavian hakukubali kwamba mtoto wa watu wema akae bila majina ya wazee wake. Akauliza jina la babu, akaandika kwa desturi ya kwao Mahenge: la mtoto, la baba, la babu. Lakini kibali cha ukimbizi kilisema Parwana peke yake. Karani wa shule akalinganisha karatasi, akatamka kwamba huyo si mtoto yule yule. Ijumaa nafasi angepewa mwingine, na baba huenda akachunguzwa kwa kughushi.

Kanuni ya dawati ilikuwa kali: aliyebadilisha maelezo ya mgeni aliondolewa kazini. Lerato alimsihi, "Sema wamekosea wao, Mama. Wageni hukosea kila siku." Alhamisi asubuhi Hedwiga alikwenda polisi, ambako viapo huthibitishwa, akaandika kiapo, akakipeleka kwa mwalimu mkuu. "Jina nimeliongeza mimi," alisema. "Nilitaka kumheshimisha mtoto, nikamfanya aonekane mwongo. Mwenye kosa ndiye huyu mbele yako." Parwana akaandikishwa kwa jina lake moja. Hedwiga akaondolewa dawatini. Gulalai alimshika mkono akacheka huku machozi yakimtoka: "Sasa Mama huna ofisi, kama sisi!"

Jumatatu iliyofuata alisimama nje ya geti la parokia na mwavuli wake, akaendelea kuwapeleka wageni, mpaka maradhi yalipomlaza na mwavuli akamwachia Gulalai. Alifariki Februari 2025. Kanisa halijatamka neno juu ya utakatifu wake, wala maandishi haya hayalitangulii. Ila wapo wanaoshuhudia kwamba aliyeshika mwavuli ule hakuwahi kurudishwa mlangoni.

Siku ya maziko, kiti cha Gulalai kilikuwa kitupu karibu na mumewe na binti yake, na watu wakanong'ona kwamba amesahau upesi. Jeneza lilipokuwa linatolewa kanisani, akaingia akihema, mwavuli mkononi. Lerato akamwuliza kwa ukali alikokuwa. "Kliniki," akajibu. "Kuna familia imefika jana. Nimengoja mpaka wameitwa kwa jina."

Enyi vijana mnaobonyeza simu na kudhani mmekwisha kusaidia, sikieni! Mgeni akiwauliza njia, simameni, mwende naye, mngoje mlangoni.