Lori Lililopashwa Moto Kabla Hatujafika

Mwanangu ametoka sasa hivi kuchovya kiganja kwenye oili iliyotiririka chini ya lori letu, akaja kunipaka shavuni huku anacheka. Nimemfuta kwa pindo la khanga, nikacheka na mimi, halafu hasira ikanirudia, maana oili hiyo ndiyo iliyonileta hapa.

Ndugu wasomaji, mimi ni mama wa miaka ishirini na mbili. Mtoto wangu ni huyu mmoja, wa kike, ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Shule niliishia darasa la nne, mwandiko mtanivumilia. Jina nimeomba wenye ukurasa huu walifiche, si kwamba naogopa, ila baba mtoto ana haya kuliko mimi. Nawaandikia nikiwa nimekaa ndani ya lori hilo hilo, kwenye yadi ya muuza magari yaliyotumika, hapa Shinyanga mjini. Tulilirudisha likiwa linavutwa na trekta la jirani, watu wanatuchungulia njia nzima.

Lori tulilinunua kwa ng'ombe. Walikuwa ng'ombe wa mahari ya shemeji yangu, mdogo wake baba mtoto, aliyechumbia binti wa kijiji cha Samuye. Mwenyewe alisema, "Shemeji, wachukueni. Mimi nitaoa lori likishazaa." Tulikusudia kusomba pamba vijijini, msimu ukiisha ng'ombe warudi zizini, binti wa watu aolewe.

Aliyelikagua ni baba mkwe, maana kwetu akinunuliwa ng'ombe mkaguzi ni yeye. Akalizunguka, akalipigapiga ubavuni, akatazama matairi kama anatazama kwato, akasema, "Liwashe nilisikie." Likawaka papo hapo, likanguruma. Baba mkwe akatabasamu: "Hili ni dume." Biashara ikaisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwa nini boneti lilikuwa na joto kabla halijawashwa. Mnyama mzima ana joto siku zote, nani angeuliza?

Asubuhi ya kwanza nyumbani, na kipupwe hiki, lori halikuwaka. Wanaume walilisukuma mpaka mashati yakalowa. Lilipokubali, likatoa moshi wa bluu, injini ikagonga kama mtu anatwanga ndani ya sufuria. Hatukufika hata kituo cha pamba. Oili karibu yote ikamwagika barabarani.

Tukaja hapa. Muuzaji akamtazama mume wangu: "Mmelizidishia mzigo."

"Hatujapakia hata furushi moja," mume wangu akasema.

"Basi hamjui kuliendesha."

Mume wangu akamuaga kwa heshima. Yeye ni mtu mpole, nampenda kwa upole huo, lakini siku ile niliona upole unatuuza.

Kesho yake nikaja peke yangu na mtoto mgongoni, mapema, yadi bado inafagiliwa. Nikamkuta mlinzi anasukuma jiko la mkaa chini ya injini ya lori jingine.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia Kisukuma. "Unapika nini huko chini?"

Akacheka, akaniita mama kwa lugha yetu. "Napasha injini, mayu, ikiwa baridi haiwaki. Wanunuzi wanakuja saa tatu."

"Na letu ulilipasha hivi hivi?"

Akaacha kucheka, akaanza kukohoa.

Nikatandika kitenge getini, nikamnyonyesha mwanangu, nikangoja. Kila mnunuzi aliyeingia nilimwamkia kwa heshima, shikamoo baba, halafu nikamwambia, "Gusa boneti kwanza. Likiwa la moto, uliza lilikuwa limekwenda wapi." Wawili wakageuza. Muuzaji akatoka mbio.

"Wewe mama, unanifukuzia wateja! Gari likishatoka getini ni lako!"

Hapo sikuvumilia. Jioni ya siku ile ile ya biashara yetu, mtu wake alikuwa ametuletea dume moja katika wale tuliowatoa, linachechemea. Baba mkwe hakubisha. Alilipokea, akatoa jingine, kwa sababu kwetu mnyama akitoka na kilema hurudi kwa mwenyewe bila ugomvi. Nikamwuliza mbele za watu, "Na dume letu je? Halikuwa limeshatoka zizini? Mbona ulilirudisha?"

Mzee mmoja akajipiga paja: "Amekufunga kwa kamba yako mwenyewe, bwana!"

"Ng'ombe si gari," muuzaji akasema.

"Kweli. Ng'ombe hapashwi kwa mkaa."

Walicheka mpaka mtoto akaamka. Tangu hapo naja kila asubuhi.

Sasa sikieni kinachoniumiza. Jana muuzaji alimwita mume wangu pembeni. Atatufungia injini nyingine, iliyotolewa kwenye gari lililoanguka, kwa sharti kwamba mume wangu aseme mbele ya balozi wa nyumba kumi kuwa lori tuliliua wenyewe kwa mzigo, na mimi nisionekane tena getini. Nikamwendea muuzaji, nikamwambia sawa, injini hiyo ilale bila jiko, alfajiri iwashwe mimi nikiwapo. Akajibu hawezi kuamriwa na mwanamke wa darasa la nne.

Mume wangu anasema, "Mke wangu, tukubali. Mdogo wangu anangoja." Shemeji mwenyewe hajanilaumu, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Lakini tukikubali uongo ule, injini ya pili ikifa tutadai kwa mdomo upi?

Ndugu zangu, msiniambie nirudi jikoni, ushauri huo ninao wa kutosha. Niambieni kama mwenzenu: nimwache baba mtoto aseme asilolitenda ili shemeji aoe, au nibaki hapa getini hata nikiitwa mke mkaidi? Mwanangu atakuwa mkubwa, naye atauziwa kitu siku moja, na ningependa awe amemwona mama yake...

Jamani, baba mtoto ananiita, balozi ameshafika hapa yadini na ameketi. Nakuja! Nambeba mtoto nakwenda, lakini wakitaja tu neno mzigo, mimi nitataja neno mkaa.