Seva Sita za Ijumaa

Mimi ni mtu wa kushuku. Sukari ikipungua kwenye kopo, nitawataja kwa zamu wote walioingia jikoni. Kwa hiyo siku kanzidata yetu ilipoonyesha seva kumi na mbili badala ya sita, sikujiuliza nini kimetokea. Nilijiuliza ni nani.

Ofisi yetu iko Mikumi. Tunapokea vipimo vya kina cha mito ya wilaya, ili watu wa mabondeni wapewe tahadhari mapema. Seva zenyewe, kompyuta zinazopokea vipimo hivyo, hatuna ofisini. Tunazikodi mtandaoni, na mimi ndiye niliyeandika programu ya kuziorodhesha kwenye kanzidata kila zinapowaka. Tulikuwa wawili tu: mimi na mama mmoja wa Vidunda, mtu mzima niliyemwamkia shikamoo kila asubuhi. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, na bosi wetu, aliyekaa Kilosa mjini, alikuwa akisubiri neno langu.

Wakati wa kiangazi nilikuwa nazima seva zote kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Zipumzike, nilisema, utadhani zinachoka. Mama huyo, Mwanglikana, alibaki ofisini na kuziwasha kabla sijarudi. Nami kila nikirudi nilikuta sita mpya kwenye orodha. Alikuwa na mtoto chuoni Morogoro. Nikaunganisha mambo mwenyewe: anamwashia mwanawe seva za ziada kwa pesa ya ofisi mimi nikiwa kwenye swala.

Basi nikaanza kumchunga. Akicheka kwenye simu, natega sikio. Akifunga daftari lake, naona amenificha kitu. Hata shikamoo niliiacha, nikawa naingia na "habari za asubuhi" kama namsalimia mwenzangu wa rika. Aliitikia "nzuri," basi. Mwisho nikamwandikia bosi barua kwamba mama huyu si mwaminifu na asiongezewe mkataba.

Ijumaa iliyofuata nilizima seva, nikaaga, na sikwenda msikitini. Nilikaa kwenye mgahawa wa jirani, chai inapoa, macho kwenye simu. Seva mpya ikaingia kwenye orodha. Ya pili. Zilipotimia sita nikarudi ofisini mbio.

"Hizi ni za nani?"

"Ni zako, mwanangu. Ulizozizima."

Akafungua daftari. Tangu kiangazi kianze alikuwa akinakili kwa kalamu ile namba ndefu ambayo kila seva hupewa siku inapokodiwa. Nikasoma. Ijumaa hadi Ijumaa, namba ni zilezile sita. Kilichobadilika ni anwani ya mtandaoni tu, kwa kuwa seva zetu zikizimwa na kuwashwa hupewa anwani nyingine. Na programu yangu ilizitambua kwa anwani. Kila seva iliyorudi, iliiandika upya kama mgeni.

Niliona aibu. Nilikaa chini nikairekebisha: kwanza itafute namba, ikiwepo, ibadilishe anwani kwenye mstari uleule, isipokuwepo ndipo iandike mpya. Nikaiwekea kanzidata marufuku ya kupokea namba moja mara mbili. Hata saa nzima haikuisha. Kisha yeye akawa anasoma namba daftarini, mimi nafuta mistari iliyojirudia.

Alipogeuza ukurasa nikaiona barua yangu, nakala, imekunjwa katikati.

"Umeipata lini?"

"Jumatatu. Bosi alitaka nijibu."

Wiki nzima alikuwa amekaa pembeni yangu nayo. Nilimpigia bosi palepale, sauti nje ili naye asikie. Nikasema nimekosea, seva ni sita, kosa ni la programu yangu, mama huyu aongezewe mkataba.

"Umechelewa," bosi akasema. "Amenijibu jana. Mkataba mwingine hautaki."

Nilikata simu. Nikamgeukia.

"Shikamoo, mama."

Alilainisha ukurasa kwa kiganja.

"Seva ya nne," akasema, akaanza kunisomea namba.