Pole ya Goti Langu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipotoka nyumbani hapa Iftin, mjini Garissa, kwenda kufundishwa kusogea. Usicheke. Nilikuwa nimeteleza bafuni, goti likakataa kukunjika, na tangu hapo nikawa naswali kwenye kiti. Mimi niliyekimbia na mtungi kichwani kutoka mto Tana nikiwa msichana, sasa wenzangu wakisujudu nawatazama migongo. Hilo liliniuma kuliko goti lenyewe. Nilitaka paji la uso wangu liguse mkeka tena.

Zahanatini wakaniambia kuna kijana, Abdi, anafundisha mazoezi ya Kichina yaitwayo taichi. Nikawakuta uwanjani, wazee kwa akina mama, wakipeleka mikono hewani kama watu wanaotafuta mlango gizani. Sikuelewa. Je, wanacheza? Wanaomba dua? Nikajipanga nyuma, maana mgeni hufuata desturi za wenyeji.

Nikainua mkono. Abdi akanijia, akasema kwa upole, "Bole, mama."

Nimekaa Garissa miaka mingi, mwanangu. Wasomali wa hapa P huitamka B, kwa hiyo najua "bole" ni "pole". Basi nikamjibu kama nilivyofunzwa: "Nimeshapoa, mwanangu."

Akanitazama. Nikazungusha mkono upesi zaidi.

"Bole, mama. Bole."

"Nimeshapoa, asante."

Nikajiuliza, kijana huyu ananihurumia nini? Amesikia habari gani ya nyumbani kwangu ambayo mimi sijaisikia? Kabla sijapata jibu akasema, "Akili ikae kwenye mguu. Isiende sokoni. Haya, futa bumzi."

Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Mikono ya wote ilikuwa ikipita mbele ya uso, nami nikaona, naam, wanafuta. Nikabana pumzi, nikaifuta kama anayesafisha kioo cha dirisha. Walio karibu yangu wakaniiga, wakidhani mwenye Kiswahili chake ndiye aliyeelewa. Kizunguzungu kikanijia, goti likalegea, nikamshika bega bibi aliyekuwa kando yangu.

Huyo alikuwa Ayeeyo Halima, yaani Bibi Halima kwa Kisomali, mfugaji wa Takaba aliyehamia kwa wajukuu wake.

"Wewe Mswahili," akaniuliza, "unafuta nini? Kuna fumbi hapa?"

"Amesema nifute pumzi."

"Basi umefuta yote. Ndiyo maana huna." Akavuta hewa puani kwa kishindo, ili nione kwamba "futa" ya Abdi ni kuvuta. "Na hiyo nimeshaboa, nimeshaboa. Kwako amekufa nani?"

"Hakuna, ayeeyo."

"Abdi hakuletei rambirambi. Anasema usikimbie. Hujaona ngamia akilala chini? Anakunja mbele, anangoja. Halafu nyuma. Wewe unataka kuanguka kama gunia."

Watu wakacheka, nami nikacheka huku nimemshikilia. Kumbe kijana alikuwa akiniambia polepole, na mimi napokea rambirambi.

Nikarudi siku zilizofuata. Nikavuta pumzi mkono ukipanda, nikaitoa mkono ukishuka. Siku nyingine akili ilikwenda sokoni ikarudi na vitunguu. Mpaka leo sijui vizuri kwa nini mkono unaoelea hewani usaidie goti lililo chini. Nimemuuliza Abdi, akanieleza, nikaitikia kwa kichwa, na bado sijui. Lakini mwenda pole hajikwai, hata asiyejua njia. Nilijifunza kushuka kama ngamia: kunja, ngoja, kunja. Na alasiri moja, chumbani mwangu, paji la uso likafika mkekani. Nilipotoa salamu nikabaki nimekaa palepale, kiti kikiwa tupu nyuma yangu, nikasema peke yangu, "Nimeshapoa."

Mwanangu, lugha yetu haikukosea kufanya pole ya msiba na pole ya mwendo neno moja. Mwili uliochoka haupewi pole kwa mdomo. Hupewa kwa kwenda nao taratibu. Kwa hiyo usiuburute mwili wako kama mbuzi wa mnada. Tenga muda kidogo asubuhi, usogee, uvute pumzi, akili ikae mguuni. Na usipoelewa, endelea hivyo hivyo huku ukiuliza; kuelewa nako kuna mwendo wake.

Mungu akupe magoti yanayokunjika hadi uzeeni, na mtu wa kumshika bega ukipepesuka. Na kila utakapoambiwa pole, akujaalie ujibu kwa kweli kwamba umeshapoa. Amin.