Pedi Alizokamata Mtani

Walisema sitaweza. Walisema mtu aliyeondoka Songea na begi moja, akarudi kutoka Dar es Salaam na stashahada ya kompyuta, atachoka msimu mmoja wa mvua kisha aende kulima mahindi Madaba kama baba zake. Jirani mmoja aliniambia usoni, huku akitafuna mhogo wangu: "Chumba cha gemu? Hapa? Utacheza mwenyewe." Maneno hayo bado yananiwasha, ingawa niliyashinda.

Nilianza kwa vitu vya kuazima. Mashine ya gemu ilikuwa yangu. Mabenchi yalikuwa ya kigango cha kanisa, jenereta ya mjomba, na runinga kubwa ya mama mmoja wa Kiyao kutoka Nakapanya, jirani yetu anayeuza korosho. Mimi ni Mngoni, kwa hiyo yeye ni mtani wangu, na alinikabidhi runinga ile kwa matusi ya kutosha. Watoto wakajaa. Gemu ya mpira waliipenda, lakini ya vita waliigombania.

Kisha siku moja watoto wawili wakapigana kwa fimbo karibu na mtaro, mmoja akapasuka nyusi. Mwenzake alipoulizwa akasema alikuwa anammalizia, kama kwenye gemu. Jioni hiyohiyo katekista akaja kuulizia mabenchi yake. Mjomba akapiga simu kuulizia jenereta. Sikuweza kuketi. Nilizunguka uani nikihesabu vitakavyoondoka, maana wenye vitu wangevichukua, chumba kingekufa na yule mla mhogo angekuwa nabii.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano. Hoja ilikuwa moja: gemu za vita zipigwe marufuku au chumba kifungwe. Nilisimama, na najua kusema mbele za watu.

"Kila mwaka tunawapeleka watoto makumbusho ya mashujaa wa Majimaji," nikasema. "Wanaona mikuki na ngao, wakirudi nyumbani wanachomana kwa mabua ya mahindi. Mbona hatujapiga marufuku mikuki?"

Baadhi walipiga makofi. Mama wa mtoto aliyepasuka hakupiga.

"Shujaa wa makumbusho ana kaburi," akasema. "Wa kwako akifa anabonyezwa, anafufuka."

Mtani akainuka.

"Msimwonee Mngoni wa watu! Babu zake walitukimbiza kwa mikuki. Huyu kaona mkuki mzito, kanunua wa umeme!"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akaahirisha uamuzi hadi Jumapili.

Kesho yake asubuhi mtani aliingia chumbani bila hodi, akakusanya pedi zote za kuchezea, akazifunga kwenye kanga.

"Shikamoo, mtani. Unafanya nini?"

"Marahaba. Nimekamata. Ukizitaka, komboa."

Kwetu, mtani akikukamatia kitu huna ruhusa ya kukasirika, wala kwenda kushtaki. Unakomboa kwa anachotaka yeye. Stashahada haisaidii.

"Nikuletee kuku?"

"Kuku ninao. Nataka ucheze hiyo vita yako mchana, mlango wazi, sisi wazazi tumekaa."

Nilifurahi moyoni. Hakuna mtu Songea anayeicheza kunizidi. Mchana ule wazazi waliketi kwenye mabenchi ya kigango, mtani akanifungulia pedi moja, nami nikawaonyesha ufundi. Niliruka kuta, nikamaliza maadui nyumba baada ya nyumba. Siku zote chumba kilikuwa na kelele za watoto. Mchana ule kilikuwa kimya, nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Ndani ya gemu, mtu alikuwa analia.

"Huyo mbona kapiga magoti?" akauliza mama wa yule mtoto.

"Amejisalimisha."

"Na bado unampiga?"

"Ndivyo pointi zinavyopatikana, mama."

Kidole changu kilikuwa bado juu ya kitufe. Nikazima mashine mwenyewe, na mtani akaniwekea pedi zilizobaki mapajani bila utani wowote.

Jumapili nilisema mbele ya mkutano ninachokiamini hadi leo. Marufuku tupu itawapeleka watoto kwenye simu, vichakani, mahali ambapo hakuna mtu mzima wa kuuliza kwa nini yule kapiga magoti. Chumbani kwangu, mtoto hatagusa vita mpaka mzazi wake aketi kando yake. Walikubali. Mabenchi yakabaki, jenereta ikabaki, runinga ikabaki. Wazazi wachache sana waliwahi kuja kuketi, na watoto wakarudi kwenye mpira.

Chumba kikakua. Nikachongesha mabenchi yangu, nikanunua jenereta, nikanunua runinga inayoizidi ya mtani. Siku ya kurudisha vya watu nilivirudisha vyote, mchana kweupe, ili waone. Yule mla mhogo ndiye aliyenisaidia kubeba runinga, na sikumwambia neno, uzito ulimtosha.

Mtani alitupokea mlangoni. "Sasa hudaiwi."

"Sidaiwi na mtu."

Tulipoingia kuiweka mezani, nikasikia risasi nyuma ya pazia, kisha kile kilio. Mjukuu wake wa kike alikuwa ameinamia simu. Mtani akanitazama.

"Huyu nimkamatie nini, mtani?"

Nilikuwa nimevaa shati langu jipya, niko njiani kwenda kusherehekea. Nikavuta kigoda, nikaketi kando ya yule binti.

"Nionyeshe," nikamwambia. "Huyo anayelia ni nani?"