Mnada wa Nyumba Yangu Nilivyoushinda Mimi Mwenyewe

Shule niliachia njiani, lakini harambee naijua! Wakati wa lockdown ya korona, mtu aliyetaka kununua nyumba yetu ya Quakers Hill, huku ughaibuni, alikwama. Hangeweza kulipa kabla hajauza yake, na yake haikuwa na mteja. Sisi nasi tulishapenda nyingine mtaa wa St Marys, na mwenye nyumba hiyo alikuwa amechoka kutungoja. Ejenti wetu wa kuuza nyumba akasema, "Tuipige mnada mtandaoni Jumamosi."

Jumamosi watu wakaingia, kamera zimezimwa, wamepoa kama wako matangani, hakuna anayetaja bei. Sasa kwetu Kenya harambee ya kuchanga pesa ikipoa, mwenye shughuli humpa binamu pesa kisiri aanze kutoa, wengine wapate moto. Nikaingia na simu ya pili kwa jina la binamu yangu Kamau, nikataja bei. Mtu akapandisha! Nami nikapandisha, nikicheka peke yangu. Yule mtu akaacha kupandisha. Nyundo ikagonga.

"Hongera Kamau!" ejenti akapiga kelele. "Washa kamera tukuone!"

Kwa ile furaha nikawasha. Nyuma yangu kulikuwa na pazia la maua, lile lile la kwenye picha za tangazo la nyumba, na mama watoto ameingia mbio na mwiko mkononi:

"Baba Shiru! Imeenda? Nani amenunua?"