Kamera Kubwa Chini ya Mgomba

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyopanda kijiji cha Kilema, kule mlimani, na kamera kifuani yenye uzito wa mbuzi wa Pasaka. Ningeweza kuisahau ningeshukuru. Nimejaribu miaka yote hii, lakini usahaulifu hauji kwa kuitwa. Huja unapotafuta miwani.

Umekuja kuniuliza ununue kamera ipi: ile ndogo ngumu isiyoogopa maji wala vumbi, au ile kubwa ya kubadilisha lenzi, ambayo kati ya zile kubwa ndiyo kitinda mimba, ya wanaoanza. Umenieleza habari za kadi na betri, nami nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Swali lako ni fupi na jibu lake ni refu, na leo nimechoka, magoti yananidai mapumziko tangu juzi. Kaa basi nikupe lote kwa mkupuo mmoja, maana sitalirudia.

Nilikuwa kijana wa kupanga chumba Majengo, mjini Moshi, miaka ile ya ruksa, vitu vilipoanza kurudi madukani baada ya sisi kusahau hata rangi zake. Mchana nilipiga picha, jioni nilisoma darasa la watu wazima, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu. Kazi nilifundishwa na Mzee Shabani, aliyekuwa na studio ya chumba kimoja jirani na msikiti. Ukutani kwake palichorwa ngazi za ndege, na nusu ya watu wa Moshi walipigwa picha wakipanda ndege ile, ingawa haikuwahi kuruka wala kuwa na mkia.

Siku moja kiongozi mmoja wa wapanda mlima alileta kamera mbili alizoachiwa na wageni wake. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya manjano, imevikwa mpira kila upande kama tairi. Alituambia imefika kileleni Kibo ikarudi, imeanguka kwenye mto ikaokotwa, na bado inapiga. Ya pili ilikuwa kubwa, nyeusi, lenzi yake inafunguliwa kwa kuzungushwa, na lenzi nyingine ndefu pembeni, ambayo ukiielekeza mlimani unaona theluji ikipumua. Wenyewe Wazungu, alisema, ile kubwa huwapa wanaoanza kujifunza. Bei zake zilikaribiana sana. Tofauti haikufika kilo ya nyama.

Nilichukua kubwa. Sikufikiri hata kidogo, mwanangu. Nilipopita nayo Majengo kuku walinipisha njia. Wanawake walioniita "wewe kijana" jana yake waliniita "fundi". Mzee Shabani alikuwa barazani anachambua kunde.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unakwenda kupiga picha wapi na hilo?"

"Kilema, Kirua, kokote wanakooana."

"Huko kunanyesha."

"Nina mfuko wa nailoni."

"Wewe una mfuko. Mvua ina siku nzima." Akatupa maganda. "Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini wewe umezidi. Umechagua jembe la kutembea nalo sokoni."

Nilicheka. Nilidhani ni wivu wa mzee aliyezoea kupiga picha chumbani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa na miguu miwili ya kuvunja.

Haikupita miezi miwili, siku ya soko, akaja mama mmoja mtu mzima kutoka Kilema, Bibi Anjelina, rozari shingoni, mgongo umeinama kwa kubeba majani ya ng'ombe maisha yake yote. Alikuwa na wanawe wawili, Aloisi mkubwa na Deo wa mwisho. Kwa desturi ya Kichagga mtoto wa mwisho hurithi kihamba cha baba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Aloisi alikwishagawiwa kipande chake jirani. Kati ya vipande hivyo marehemu baba yao alipanda mstari wa masale, ile mimea yetu ya majani marefu ambayo ndiyo mipaka, na pia ndiyo amani: ukimkosea mtu unakunja jani la sale, unampelekea, na mtu huyo hawezi kulikataa, hata angekuwa na hasira ya simba saba.

Basi Deo, baada ya kumzika baba, aling'oa masale yale akayasogeza hatua nane ndani ya kipande cha kaka yake. Miaka sita hawakusalimiana. Kanisani mmoja alikaa upande wa Yosefu na mwingine upande wa Maria, na mama yao katikati, peke yake. Sasa Deo, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, alikuwa ametuma neno kwamba amechoka. Atapanda kilima Jumamosi na jani mkononi, na masale yatarudishwa yalipokuwa.

"Nataka picha moja tu," Bibi alisema. "Wanangu wawili wamesimama kwenye masale, hapo hapo yatakapopandwa. Si nyumbani, si kanisani. Hapo hapo."

"Utapata picha ya kutundika ikulu, Bibi," nikamwambia.

Akaitazama kamera yangu. "Ni kubwa," akasema. Sikujua kama amesifu au ameuliza.

Jumamosi hiyo mvua ya rasharasha ilianza kabla sijashuka kwenye gari, nami nikapanda kilima kwa miguu, tope hadi ugoko, kamera nimeikumbatia ndani ya nailoni kama kichanga. Nilifika nikakaribishwa jikoni penye moto, nikapewa mbege, ile pombe yetu ya ndizi, kwenye kata. Ndugu wote walikuwapo. Wakaniangalia kwa heshima, na heshima ile, mwanangu, ikanilevya kuliko mbege.

Tulitoka kwenda mpakani. Masale yalikuwa yamekwisha kupandwa upya, mstari mmoja chini ya migomba. Deo akaja kutoka upande wake, kofia mkononi, jani limekunjwa. Aloisi akamtazama usoni.

"Umekonda," akamwambia.

"Miwa hainenepeshi, kaka."

"Inanenepesha wenye kiwanda."

Watu wakacheka kidogo, na Aloisi akanyoosha mkono.

Hapo ndipo ningepiga. Lenzi niliyokuwa nayo ilitosha kabisa. Lakini nikasema moyoni, nitawekaje lenzi fupi mbele ya umati huu, na ndefu ninayo mfukoni? Nikasema, "Subirini kidogo, wazee," nikajibanza chini ya mgomba, nikaizungusha lenzi, nikaitoa. Kamera ikabaki wazi, tumbo nje.

Mtoto wa Kilema hasimami chini ya mgomba wakati wa rasharasha. Jani la mgomba halimwagi maji tone kwa tone. Linayakusanya kwenye mfereji wake, linakaa nayo kimya, na upepo ukigusa kidogo linayatoa yote kwa pamoja. Upepo uligusa. Maji yaliingia ndani ya kamera ile kama yalikuwa yamealikwa.

Nikaifuta kwa shati, nikafunga lenzi ndefu, nikabonyeza. Kioo cha ndani kikapanda na hakikushuka tena. Nikichungulia naona giza tupu. Mbele yangu ndugu wawili wameshikana mikono, jani kati yao, mama yao ameweka viganja kifuani, na watu zaidi ya thelathini wananitazama mimi.

Mwanangu, kuharibika kwa kamera si kosa. Kosa ni hili ninalokuambia sasa. Juu ya kamera palikuwa na flashi, na flashi ile ilikuwa na kitufe chake cha kujaribia. Nikakibonyeza. Mwanga ukawaka. Nikabonyeza tena. Nikawaambia wasogee, wainue videvu, "Deo, tabasamu kidogo," nikamulika mara kumi na mbili. Sikupiga picha hata moja.

Bibi Anjelina alikuja akanishika mikono yote miwili. "Aika," akasema, yaani asante kwa Kichagga. Wakanipa mguu wa mbuzi nishuke nao. Niliubeba. Hilo pia nilifanya.

Siku ya soko iliyofuata Bibi alikuja studio. Nikamwambia filamu imepelekwa Arusha kusafishwa. Iliyofuata nikamwambia Arusha hawana dawa, imepelekwa Nairobi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliirefusha mpaka ikavuka mpaka wa nchi. Na kila alipokuja alileta kitu: ndizi, parachichi, maziwa kwenye kibuyu. Aliviweka mlangoni bila kusema neno, kama mtu anayelisha ng'ombe asiyetoa maziwa kwa matumaini kwamba atazaa.

Mara ya tano Mzee Shabani alisikia. Alimngoja Bibi aondoke.

"Filamu iko wapi?"

"Nairobi, Mzee."

"Filamu zako zote nimesafisha mimi, katika chumba hiki, tangu siku uliyojua kushika kamera. Nairobi unamjua nani?"

Nikamweleza yote: mgomba, kioo, flashi. Nilitegemea atanikumbusha habari ya jembe la sokoni. Hakuigusa.

"Walikaa pale muda gani baada ya hapo?"

"Mpaka jua linaelekea kuzama. Walikuwa wanakunywa."

"Na misheni iko umbali gani?"

"Robo saa."

"Misheni hawana kamera?"

Padri alikuwa nayo, kila mtu alijua.

"Basi ungesema neno moja tu," akasema Mzee Shabani taratibu. "Ungesema, jamani, hii imekufa. Wangekucheka. Mtu angekimbia misheni, na wale ndugu wangesimama tena. Wewe uliona afadhali yule mama akose kuliko wewe uchekwe. Kesho panda. Usipeleke kitu, usije ukadhani umelipa. Peleka mdomo."

Nikapanda. Nilimkuta Bibi anaanika kahawa. Nikamwamkia, nikasema yote nikiwa nimesimama, maana niliona nikikaa sitamaliza. Alisikiliza huku mikono yake ikitandaza kahawa. Alipomaliza kutandaza akakaa kwenye kigoda.

"Ulidhani nataka picha ya kutazama," akasema. "Mimi nitatazama nini? Nilikuwapo. Nilitaka waone wao, nikishakufa. Mtu akisema masale yalikuwa huku, mwingine akisema kule, picha itolewe sandukuni, iseme: mlisimama hapa, na mgomba ule nyuma yenu."

"Twende tukapige nyingine, Bibi. Nitaazima kamera."

"Na nani asimame? Deo amepata kazi ya meli Mtwara, ameondoka juzi." Akanitazama bila ukali, na ningependa ukali. "Basi picha ni wewe. Ulikuwa umesimama mbele yao. Siku wakigombana wataniulizia, sitakuwepo, wewe utakuja useme ulichoona."

Wahenga wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawakusema yule aliye katikati achukue nini.

Bibi Anjelina alifariki kabla ya masika mawili kupita. Nikaitwa mara ya kwanza mwaka uliofuata. Ng'ombe walikuwa wamekula mstari, mvua imebeba masale mengine, na Deo, aliporudi, alisema mpaka ni huku. Nikapanda, nikaonyesha, wakakubali. Nikaitwa mara ya pili, wakakubali kwa shingo upande. Baada ya Aloisi na Deo wakaanza watoto wao. Nimepanda kilima kile mara nyingi kuliko kiongozi yeyote alivyopanda Kibo, na mimi sipewi cheti. Kila nikienda wananisimamisha mahali wananiuliza, "Mzee, ulikuwa hapa? Au hapa?" Mgomba ule ulikatwa zamani. Mbuni uliokuwa kando yake, ule mti wa kahawa, umeng'olewa, wamepanda parachichi.

Mara ya mwisho ni mwezi uliopita. Mtoto wa Aloisi, kijana mwenye adabu, aliniamkia vizuri akasema, "Mzee, tunaomba uape tu, tumalize." Nikatazama ardhi ile, mwanangu. Nikapiga hatua huku, nikarudi. Sikuweza kuapa. Nilijua nilisimama hapo, lakini hapo palikuwa pamehama kichwani mwangu, labda hatua mbili, labda nane. Nikawaambia sijui. Yule wa Deo akatabasamu. Picha ingekuwa bado inajua. Picha haichoki; aliyechoka ni mimi.

Sasa nikujibu, maana umekaa kwa adabu. Kama utapiga picha chumbani, au uwanjani penye jua, na una subira ya kujifunza, chukua kubwa. Ni chombo kizuri, na ubaya wangu usiuhesabu kwake. Kama njia yako ni hizi za kwetu, za tope, ukungu na migomba, chukua ndogo ngumu. Watakucheka kwamba umekuja harusini na sabuni ya kipande. Wacheke. Chombo chako kifanane na njia unayopita, kisifanane na jina unalotaka kuitwa. Na ukichukua yoyote ile, piga kwanza kwa kilichomo mkononi, ndipo utafute kizuri zaidi.

Lakini hata hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba chombo kitakushinda siku moja, kiwe kidogo kiwe kikubwa. Siku hiyo sema pale pale, watu wakiwa bado wamesimama na misheni ikiwa bado robo saa. Aibu ya papo hapo ni kikombe kimoja, unameza unafuta mdomo. Ukiiahirisha inakuwa pipa, na utalibeba kupanda mlima na kushuka mpaka magoti yakukatae.

Nenda, mwanangu. Ruwa, Mungu wa wazee wetu, akupe jicho linaloona mapema na ulimi usioogopa kuchekwa. Akujalie watu wakuite kwenye furaha zao, na ukiondoka kwao, waliyokuitia uyatunze wayakute sandukuni, hata wewe ukiwa hukumbuki tena.