Simenti ya Pumba na Maji ya Kahawa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya mradi wa taka za viwandani pale Majengo, nilikabidhiwa chekeche na gunia la majivu ya pumba za mpunga. Mkuu wa Maabara aliniambia nichekeche mpaka atakaponiambia basi, na hakuniambia mpaka jioni. Wanangu, msicheke. Simenti yetu ilianzia hapo.

Pumba tulizichoma kwa moto wa wastani. Moto ukizidi, majivu hayashikani na chokaa. Ukipungua, yanabaki meusi. Yakitoka ya kijivu tuliyasaga laini kama unga wa uji, tukachanganya na chokaa, kisha tukatia tope la kiwanda cha ngozi. Tope lile lilikuwa na kromi, metali nzito yenye sumu ambayo ikiingia kwenye maji haionekani wala hainuki. Simenti ikikauka, inaifunga ndani. Mchanganyiko huo tuliufyatulia matofali, tukayalowesha, tukapima maji yake, ndipo tukayafukia kwenye shimo kavu lililosakafiwa. Niliipenda sana kazi ile.

Mkuu alipostaafu akaja Meneja wa Mradi, Mchagga mwenzetu, mtu mpole asiyependa ugomvi na mtu. Wazee wa kijijini kwangu, huko mlimani, walikuwa wametukatalia eneo la shimo la pili kwa maneno makali. Siku moja wakaja wameshika isale, lile jani la kuombea radhi ambalo kwetu halikataliwi, na katika mapatano wakaomba matofali ya kusakafia mahali pa kuoshea kahawa. Meneja akakubali palepale. Nilimfuata ofisini, nikamweleza kwamba kahawa iliyomenywa hulowekwa ichachuke, na maji yake makali hula simenti.

"Mama Ndeshi, si ulipima mwenyewe yakafaulu?"

"Nilipima kwa maji matupu, bosi. Sikupima kwa maji ya kahawa."

"Wazee wamekuja na isale. Nitawakataliaje?"

Nami ni wa hukohuko, nilijua hawezi. Matofali yakapanda mlimani.

Baada ya misimu michache sakafu ile ililika, ukawa unaichimba kwa ukucha. Nikachota maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili unaopita chini yake, nikapima. Kromi ilikuwemo. Mradi ulikuwa unafungwa, Meneja kahamishwa, na kila ofisi niliyokwenda ilinielekeza nyingine. Kanisani, baada ya ibada, nilipewa nafasi ya kusema. Walinisikiliza kwa heshima, wakarudi nyumbani, wakachukua ndoo zao kwenda kuchota mfongoni.

Sasa nimestaafu, naishi na dada yangu Aikaruwa, chini ya mfongo uleule. Bomba halijafika. Nilimweleza yote, mara nyingi, mpaka akachoka nami.

"Nimekuelewa, mdogo wangu," aliniambia. "Sasa ninywe nini?"

Swali lake linaniuma mpaka leo. Asubuhi anachemsha chai kwa maji ya mfongo, ananisogezea kikombe, anakaa kuningojea nianze. Nami nakunywa.